Kikombe cha dada: kuhusu fasihi ya Ufilipino na hadithi yako inayokwama sehemu ya 6

Swali lenyewe: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mpenzi sana wa tamthilia za Kifilipino, na pia naandika hadithi natuma WhatsApp, sehemu moja kila jioni. Nina maswali mawili. Hawa watu wana fasihi ya vitabu kweli au ni haya haya ya mtoto kuibiwa hospitali na mtoto wa tajiri kumpenda mfanyakazi wa ndani? La pili, hadithi yangu inamhusu Rehema, dada wa kazi Mikocheni, mtoto wa bosi anampenda na mama hataki. Kila nikifika sehemu ya 6 wasomaji wanapungua, na matukio yapo mengi, mpaka ajali ya gari nimeweka. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye ajali ya gari nimecheka peke yangu, maana nimesahihisha hadithi za wanafunzi miaka mingi na nikwambie ukweli ajali ya gari huwa inaingia hapo hapo, sehemu ya tano au ya sita, mwandishi akishaishiwa anatafuta gari anamgonga mtu. Kwa hiyo hauko peke yako. Maswali yako nayajibu kwa pamoja kwa sababu ukiangalia vizuri hao Wafilipino unaowapenda wanakujibu hilo la pili wenyewe.

Wana fasihi, tena ya zamani. Ila kwanza tuelewane, Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,600 na lugha zaidi ya 170, kwa hiyo mtu akisema "fasihi ya Kifilipino" ujue anafunga mizigo mingi kwenye kamba moja. Kuna Kitagalogi, kuna Kisebuano, kuna Kiilokano, kuna ya Kihispania, kuna ya Kiingereza, na kila moja ina watu wake na kiburi chake.

Kabla ya Wahispania walikuwa na herufi zao, baybayin, lakini mambo makubwa yalikaa mdomoni. Huko milimani Ifugao kuna nyimbo ndefu zinaitwa Hudhud, zinaimbwa wakati wa kupanda na kuvuna mpunga na kwenye matanga, na wanaoongoza mara nyingi ni wanawake wazee. Wamaranao wa kule Mindanao, ambao ni Waislamu, wana Darangen, utenzi wa mizunguko 17, beti ukizihesabu kwa mistari inafika 72,000. Na Wailokano wana Lam-ang, huyu ni wa aina ya Fumo Liyongo wetu lakini mwenye vituko zaidi: anazaliwa akiwa anaongea, anajipa jina mwenyewe, halafu akienda kuposa anaenda na jogoo na mbwa, jogoo akiwika nyumba inaanguka, mbwa akibweka nyumba inasimama tena. Mi huyo jogoo nampenda kuliko Lam-ang mwenyewe.

Halafu 1565 Wahispania wakaja kukaa, na walikaa zaidi ya miaka 300. Kitabu cha mwanzo kuchapwa Manila, 1593, kilikuwa cha mafundisho ya Kikristo, kwa Kihispania na kwa Kitagalogi pamoja. Kwa muda mrefu ukitaka kuandika unaandika habari za Yesu au watakatifu. Ukiandika lingine padri anakuangalia. Na hapa ndo naanza kukujibu kwa kweli, kwa hiyo soma taratibu: mwandishi wa Kifilipino karibu kila zama amekaa na mtu anamchungulia begani. Kwanza padri, halafu mwalimu wa Kimarekani, halafu mwanajeshi wa Kijapani, halafu Marcos, rais aliyegeuka dikteta. Akizoea kuchunguliwa, mtu anajifunza kutosema jambo moja kwa moja. Analiweka ndani ya kitu. Anakupa taa, sahani, jina, mnyama, we mwenyewe utajua.

Chukua Francisco Balagtas. 1838 anatoa Florante at Laura, utenzi wa beti 399, kila ubeti mistari minne yenye kina kimoja na kila mstari mizani 12. Mtu aliyezoea mashairi yetu ya mizani 16 na vina vya kati na mwisho hapati tabu kuelewa kwa nini watu waliuweka kichwani, ulitungwa kwa ajili ya sikio. Sasa hadithi yenyewe inatokea wapi? Albania! Balagtas hakutoka hata kwao, Albania kaijulia wapi. Kijana, Florante, amefungwa kwenye mti porini, simba wananyemelea, na analia kwamba ndani na nje ya nchi yake yenye msiba usaliti ndo umekaa kwenye kiti cha mfalme. Msomaji wa Manila akifika hapo anajua Albania ni kisingizio. Shaaban Robert alifanya jambo la ukoo mmoja na hilo kwenye Kusadikika, nchi yake ikaelea angani ili mtawala asijue kama anasemwa yeye.

Na kabla sijasahau, anayekuja kumwokoa Florante ni Aladin, Mwajemi Mwislamu, adui kwa dini na kwa nchi. Kulikuwa na michezo ya jukwaani ya Wakristo na Waislamu wanapigana na kupendana, imechezwa karne na karne, binti wa huku na mwana wa mfalme wa kule, wazazi wanakataa, siri ya kuzaliwa inafichuka mwisho. Umeona tamthilia yako inapotoka? Mi naamini inatoka huko, ikapitia majarida, ikapitia vitabu vya katuni ambavyo Wafilipino walivisoma kama maandazi, ikapitia redio na sinema, ndo ikafika kwenye televisheni ya nyumbani kwenu. Kwa hiyo mtoto kuibiwa sio upuuzi, ni urithi. Shida ni ukiuchukua urithi bila kazi iliyofanywa ndani yake.

Sasa Rizal. José Rizal alikuwa daktari wa macho, akiwa na miaka 25 akachapisha Noli Me Tangere kule Berlin, 1887, nakala 2,000, na hela ya kuchapa hakuwa nayo, rafiki yake Maximo Viola ndo alimkopesha. Aliandika kwa Kihispania, lugha ambayo wananchi wenzake wengi hawakuisoma, na bado kitabu kikamtia matatani mpaka Wahispania wakampiga risasi tarehe 30 Desemba 1896. Leo kuna sheria tangu 1956 inayotaka riwaya zake mbili zisomwe mashuleni, na kama kitabu chochote cha lazima kuna wanafunzi wanakichukia, hilo halina dawa.

Watu wakieleza Noli wanaeleza siasa, mapadri, ukoloni. Sawa. Mi nataka nikuoneshe sahani. Kuna mama masikini anaitwa Sisa, ana watoto wawili, Basilio na Crispin, wanagonga kengele kanisani, na mdogo amesingiziwa wizi wa dhahabu. Sisa hajui. Yeye siku hiyo kajitahidi kuwapikia wanawe chakula kizuri, amepata nyama kidogo na paja la bata kutoka kwa mzee mmoja jirani, ameandaa na nyanya, anasubiri. Anaingia mume wake, mcheza kamari, anakaa, anakula. Anakula chote. Wanabaki samaki wadogo watatu. Mume anaondoka, na Sisa analia, halafu akiwakumbuka wanawe anakausha machozi anawapika wale samaki.

Kilio cha Sisa Rizal amekipa sentensi moja tu, hakukirefusha. Hajaandika kwamba mwanamke wa Kifilipino alinyonywa. Ameacha samaki watatu na watoto wawili, mmoja na nusu kwa kila mtoto, na usiku huo anayerudi ni mmoja tu, tena na damu usoni. Baadaye Sisa akichanganyikiwa akili hushangai, maana uliianza ile hesabu pamoja nae.

Hiyo mdogo wangu ndo misingi ya hadithi ya kisasa, mengine ni majina ya mtihani. Mhusika anataka kitu kidogo kinachoonekana (wanangu wapate kula), kinaondolewa mbele ya macho yetu, na mwandishi hahubiri. Kwenye El Filibusterismo ya 1891 kafanya hivo hivo kwa ukubwa zaidi, taa nzuri yenye umbo la komamanga inaletwa kama zawadi ya harusi, ndani ina kilipuzi cha kulipua wakubwa wote, na kijana Isagani ambaye bibi harusi alikuwa mchumba wake anaingia mbio anaikamata anaitupa mtoni. Mapinduzi mazima yamewekwa kwenye taa moja na mkono wa kijana anayependa. Hiyo taa inatisha kuliko ajali ishirini za gari kwa sababu tunajua ina nini na wanaokula hawajui. Taharuki iko hapo, kwenye kumwambia msomaji mapema kisha umcheleweshe. Wengi wenu mnaficha kila kitu mpaka mwisho mkidhani ndo taharuki, kumbe msomaji asiyejua chochote hana cha kuogopa.

Wamarekani walipoichukua nchi 1898 walileta walimu, 1901 imekuja meli nzima, walimu kama 500, na Kiingereza kikaingia darasani. Kwa mshangao wa kila mtu haikupita hata miaka 25 wenyeji wakawa wanaandika hadithi fupi nzuri kwa lugha hiyo ya kuazima. Paz Márquez Benítez, 1925, Dead Stars: mwanamume ana mchumba, anapenda msichana mwingine, anaoa yule mchumba, miaka minane baadae anakutana na yule aliyemuota na anagundua hamna kitu, alikuwa anaangalia mwanga wa nyota iliyokufa zamani. Hamna anayepiga kelele humo ndani. Hamna anayekufa.

Lakini wa kumsoma kwanza ni Manuel Arguilla, ambaye Wajapani walimuua 1944. Ana hadithi kwenye mkusanyiko wake wa 1940 kuhusu kaka mkubwa, Leon, anayeleta mke wa mjini kijijini. Sasa we ungeiandika kwa macho ya nani? Ya mke, au ya Leon, sio? Arguilla kaiweka kwa Baldo, mdogo mtu, ametumwa na baba kuwapokea na mkokoteni unaovutwa na fahali anaitwa Labang. Baldo ni mtoto, hajui mapenzi, anajua ng'ombe. Anachoona ni kwamba huyu mwanamke wa mjini amenyoosha vidole akamgusa Labang kwenye paji la uso, na Labang hajaacha hata kutafuna. Anachosikia ni majina: huyu shemeji anamwita kaka Noel, Baldo anawaza hili jina kalitoa wapi, baba labda hatalipenda, halafu anagundua ni Leon tu limesomwa kinyume na linasikika vizuri zaidi. Ananusa harufu yake, kama asubuhi mipapai ikiwa imechanua. Na baba kamwagiza asipite barabara kuu, apite Waig, mto mkavu, usiku. Baldo hasemi kwa nini. Hajui, au anajua na anaogopa kusema.

Ukiuliza nafsi ya usimulizi ni nini, ndo hiyo. Kuandika "mimi" au "yeye" ni jambo dogo. Swali ni nani anaona kidogo kuliko msomaji, ili msomaji apate kazi ya kufanya. Lualhati Bautista kaichezea hiyo kwenye Dekada '70, udikteta wa Marcos mzima kaupitisha kwa Amanda, mama wa nyumbani mwenye watoto wa kiume watano na mume anayeamini mke hana haja ya kuwaza siasa. Sheria ya kijeshi ya 1972 inaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Ya Wajapani nayapitia haraka, walikaa 1942 mpaka 1945, walibana Kiingereza na Kitagalogi kikapata nafasi, na 1943 dada mmoja, Liwayway Arceo, akatoa Uhaw ang Tigang na Lupa, binti anaona baba yake alipenda mwanamke mwingine, na mama anajua. Baba akiwa anakata roho anamdhania mkewe kuwa ni yule mwingine, na mama anamjibu kama yule mwingine. Nimesoma mara nyingi na bado pale huwa nafunga kitabu kwanza.

Na kwa Marcos nikupe moja tu. 1973 jarida moja lilichapa shairi la Kiingereza kuhusu Prometheus, la mtu asiyejulikana, la kawaida kabisa. Baada ya kutoka watu wakagundua ukisoma herufi za mwanzo wa mistari kutoka juu kushuka unapata MARCOS HITLER DIKTADOR TUTA. Tuta kwao ni kitoto cha mbwa. Jarida likakusanywa madukani mbio mbio. Aliyeandika alikuwa Jose Lacaba. Huyo ni mjukuu halisi wa Balagtas, Albania imehamia kwenye herufi.

Haya, tuje kwako. We unaandika kwa sehemu, na usidhani hiyo ni njia ya chini. Jarida la Liwayway lilianzishwa 1922 na riwaya kibao za Kitagalogi zilitoka humo kipande kipande. Sa mga Kuko ng Liwanag ya Edgardo Reyes ilitoka humo 1966 na 1967: Julio, mvuvi wa kijijini, anakuja Manila kumtafuta mpenzi wake aliyechukuliwa kwa ahadi ya kazi na shule. Jina la binti ni Ligaya Paraiso, yaani Furaha Paradiso, mwandishi hakujizuia hapo. Unadhani kila wiki anatafuta ajali? Hapana. Julio anapata kibarua cha ujenzi, na siku ya malipo vibarua wanasaini kiasi kimoja na kupewa kidogo kuliko hicho. Msomaji aliye kibarua akisoma hapo lazima anunue jarida wiki ijayo, maana anataka kujua hiyo saini itamfikisha wapi Julio, na yeye mwenyewe.

Nimesoma zile sehemu sita ulizoambatanisha. Sehemu ya 2 umeandika: "Rehema aliumia sana, machozi yalimtoka kama maji, alijiona hana thamani katika nyumba ile." Sehemu ya 3 analia tena. Ya 4 analia mara mbili. Mpaka ya 6 msomaji kamzoea, kilio cha Rehema kimekuwa kama king'ora cha gari la jirani, mtu hageuki tena.

Sasa kumbuka samaki watatu. Nyumba nyingi unazozijua, kikombe cha dada wa kazi kiko wapi? Cha plastiki, peke yake, chini ya sinki au dirishani. Hajaambiwa na mtu kwamba vile vya kabatini sio vyake, amejua tu. Mpe Rehema kikombe hicho sehemu ya 1, usikieleze. Sehemu ya 3 kijana anarudi usiku anataka maji, anachukua kile cha plastiki kilicho karibu, anakunywa, anakirudisha. Rehema kaona. Asubuhi mama anaona kimehama mahali pake. Hamna aliyegombana, hamna aliyelia, na mi nikwambie msomaji wako wa Mikocheni au Mbagala hawezi kulala.

Na lingine, ambalo nashangaa hujalitumia. Nyumba nzima inamwita "dada". Baba anamwita dada, mama anamwita dada, watoto, mlinzi, hata bibi aliyekuja kutoka Moshi na ni mkubwa kwake mara tatu. Neno la heshima limegeuka jina la kazi. Wewe umempa kijana amtamkie "nakupenda Rehema" sehemu ya 2, umeimaliza hadithi hapo hapo. Mcheleweshe. Mwache amwite dada kama wengine sehemu nne nzima, halafu siku moja mezani, mbele ya mama, bila kujua, amwite Rehema. Mama aache kijiko. Basi. Hiyo ndo sehemu yako ya 6, na gari halijaharibika. Kama Baldo na lile Noel, jina tu limegeuzwa na ukoo mzima umetikisika.

Mama nae usimfanye shetani, naomba. Mpe sababu moja ambayo wewe mwenyewe ukiwa mama ungeielewa, labda na yeye aliwahi kunywea kikombe cha plastiki kwa watu. Usiiseme mapema, lakini uijue wewe, kwa sababu ukiijua itakuongoza hata namna anavyokiosha kile kikombe.

Sasa, uanze kusoma nini? Noli ipo kwa tafsiri za Kiingereza, za zamani zipo bure mtandaoni, ila ni nene na mwanzoni kuna karamu ndefu yenye watu wengi, vumilia. We anza na hiyo ya Arguilla, How My Brother Leon Brought Home a Wife, nusu saa haiishi umemaliza. Mwishoni Baldo anaingia chumbani kwa baba. Mkwe yupo nyumbani, wa mjini, mzee hajawahi kumwona, na kati ya maswali yote ya duniani anayoweza kuuliza, anauliza kama alimwogopa Labang. Simama hapo kabla hujaendelea, andika kwenye karatasi unadhani mzee anauliza nini hasa, halafu nitumie pamoja na sehemu yako mpya ya 1.